Valet na valet de chambre: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mchana natafsiri, jioni nafundisha Kifaransa, na hakuna neno linaloniletea meseji nyingi kama hili. Kuna waliolikuta kwenye riwaya na kuna waliolikuta kwenye tangazo la kazi ya hoteli. Mmoja alikuwa anacheza karata kwenye simu, akashangaa kuona herufi V mahali alipozoea kuona J. Majibu yangu nimeyaweka hapa pamoja ili nisiendelee kuyaandika upya kila wiki.

Kwa kifupi, "valet" ni nani?

Ni mwanamume anayelipwa ili amtumikie mtu, hasa mwanamume mwenzake. Lakini neno hili halipendi kukaa peke yake. Kwa kawaida hufuatwa na mahali pa kazi: valet de chambre ni wa chumbani, valet de pied ni yule mwenye sare anayefungua mlango na kufuatana na gari la farasi, valet d'écurie ni wa zizini, valet de ferme ni kibarua wa shambani. Ukiulizwa valet ni nani, nawe uliza kwanza: wa wapi?

Linatamkwaje?

"Vale", basi. Ile t ya mwisho Wafaransa huiandika na kuiacha hapo hapo kwenye karatasi. Waingereza wamelichukua neno hilohilo na kulitamka kwa namna mbili, wengine wakiisikilizisha t, wengine wakiimeza kama Wafaransa, na wamebishana juu ya jambo hilo kwa vizazi. Wewe unayejifunza Kifaransa hayakuhusu.

Na "de chambre"? Ni wa shambani?

Sicheki, maana swali hili nimeletewa na watu zaidi ya mmoja. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea ukurasa mzima wa tafsiri ambamo valet de chambre alikuwa "shamba boi", na mfalme wa Ufaransa kila asubuhi anavalishwa viatu na mtu aliyetoka kulima. Alikuwa amesikia "shambre" akaandika shamba.

Chambre ni chumba. Hapo sauti zinakaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kudhani tumekopeshana, lakini ni bahati tu: chumba chetu ni ndugu wa nyumba, na chambre imetoka Kilatini. Kwa hiyo valet de chambre ni mtumishi wa chumbani, yule anayeingia mahali ambapo wageni hawafiki. Huandaa nguo, hunyoa ndevu za bwana, humletea maji ya kunawa, hupanga mizigo ya safari, na hujua bwana ameamka na hali gani.

Neno lilianza wapi?

Lilianza juu, likateremka. Katika Kifaransa cha zamani liliandikwa vaslet au vallet, na ni kipunguzo cha neno lililotuletea pia vassal, yaani mtu aliyejifunga kumtumikia mkubwa wake. Nyuma ya yote hayo kuna neno la Wagali, wenyeji wa kale wa Ufaransa, lililomaanisha kijana. Vaslet wa Zama za Kati alikuwa mtoto wa watu wenye hadhi, aliyepelekwa kwenye nyumba ya bwana mkubwa akajifunze silaha, farasi na adabu za mezani. Kutumikia mezani hakukuwa aibu; ilikuwa shule.

Baadaye watoto wa wakubwa wakapewa majina mengine, na valet likabaki kwa wale waliotumikia kwa sababu hawakuwa na njia nyingine ya kula. Kiingereza kilichukua umbo lake jingine, varlet, kikalishusha zaidi mpaka likawa na maana ya mtu mhuni.

Ukiangalia jirani utaona mchezo huohuo. Garçon ni mvulana, na pia ni mhudumu wa mgahawa hata awe na mvi. Kwa Kiarabu ghulamu ni kijana, na pia ni mtumwa wa kiume. Kuna aliyepanda badala ya kushuka: neno la Kiingereza la shujaa wa farasi, knight, nalo asili yake ni kijana mtumishi. Ila waliopanda ni wachache. Nasi je? Sikiliza mtu wa Dar es Salaam anavyosema "kijana wangu atakuletea mzigo", halafu uone anayeleta mzigo ana wajukuu.

Nimesoma kwamba mchoraji Jan van Eyck na mwandishi wa tamthilia Molière walikuwa mavaleti. Walikuwa wanafua nguo?

Hapana, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Kwenye majumba ya kifalme "valet de chambre" kilikuwa cheo. Kilimpa mtu mshahara, ruhusa ya kuingia ndani na ulinzi wa bwana. Mtawala aliyetaka kumweka karibu fundi, mshairi au mpiga muziki alimwandikisha katika cheo hicho, na kazi yake halisi ikabaki ileile ya usanii.

Van Eyck alipewa cheo hicho mwaka 1425 na Philip, mtawala wa Burgundy, na alitumwa safari za siri, pamoja na ile ya Ureno alikokwenda kumchora Isabella, binti wa mfalme ambaye Philip alikuwa anataka kumwoa. Mshairi Clément Marot alikuwa valet de chambre wa mfalme François wa Kwanza, nafasi aliyokuwa nayo baba yake kabla yake.

Kisa cha Molière kina mkono wa kazi kidogo. Baba yake alikuwa fundi wa mapazia na samani, na mwaka 1631 alipata nafasi ya tapissier ordinaire, yaani fundi wa mapazia, na valet de chambre wa mfalme. Nafasi hizo zilinunuliwa kwa fedha na kurithishwa kama shamba la minazi. Mwaka 1637 kijana wake aliapishwa kama mrithi. Kwa hiyo mtu tunayemjua kwa tamthilia alikuwa pia na wajibu, zamu yake ikifika, wa kusaidia kutandika kitanda cha Louis wa 14. Na mtu huyohuyo ndiye aliyejaza jukwaa la Ufaransa watumishi wajanja kuliko mabwana zao. Alijua anachokiandika.

Huko Versailles, kwenye jumba la mfalme wa Ufaransa, kazi ilikwendaje?

Chini ya Louis wa 14 kulikuwa na premiers valets de chambre wanne, wakuu wa wote, na kila mmoja alikuwa na zamu ya miezi mitatu kwa mwaka. Chini yao kulikuwa na wengine 32, wanane kwa kila zamu. Mkuu wa zamu alilala chumba kimoja na mfalme, kwenye kitanda cha kukunja. Aliamka kabla, akavaa, akakikunja kitanda chake kikaondolewa, ndipo akasogea kwenye pazia na kumwambia mfalme kwamba saa imefika.

Kisha milango inafunguliwa na watu wanaingia kwa makundi, kila kundi kwa haki yake. Shati la mfalme halikukabidhiwa na mtumishi. Heshima hiyo ilikuwa ya mtu wa damu ya juu kuliko wote waliopo, ndugu wa mfalme akiwepo ni yeye, na mavaleti walishika mikono ya shati, huyu wa kulia na huyu wa kushoto, ili mfalme aipate njia. Wakubwa walinuniana kwa ajili ya shati hilo.

Maarufu kuliko wote ni Alexandre Bontemps, aliyefariki mwaka 1701. Alikuwapo kwenye ndoa ya siri ya Louis na Madame de Maintenon, ndoa ambayo nchi haikutangaziwa. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaweza kumkumbuka Nehemia, mnyweshaji wa mfalme. Ukiangalia kikombe tu, hutaelewa ni kwa nini mfalme alimsikiliza.

Nani mwingine anastahili kujulikana?

Ningetaja wawili.

Wa kwanza ni Jean-Baptiste Cléry, aliyemtumikia Louis wa 16 gerezani, kwenye mnara wa Temple. Asubuhi ya tarehe 21 Januari 1793, siku ya kukatwa kichwa, mfalme alimkabidhi Cléry pete yake ya ndoa ampelekee malkia, na muhuri kwa ajili ya mwanawe. Kisha akaomba mkasi, Cléry amkate nywele, ili asiguswe na mkata vichwa. Walinzi wakakataa kutoa mkasi. Kila nikisoma habari hiyo naona kwamba ombi la mwisho la mfalme lilikuwa jambo dogo kabisa la chumbani: akatwe nywele na mtu anayemjua.

Wa pili ni Louis-Joseph Marchand, aliyekwenda na Napoleon uhamishoni kwenye kisiwa cha Elba, kisha cha Saint Helena, akakaa naye mpaka alipofariki Mei 1821. Katika wosia wake Napoleon alimwachia faranga 400,000, akaandika kwamba huduma za mtu huyu zilikuwa za rafiki, na akamweka miongoni mwa wasimamizi wa wosia wenyewe pamoja na majenerali.

Kuna msemo kwamba hakuna mtu mkubwa mbele ya valeti wake. Una maana gani?

Husemwa kwamba ulitoka kwa Madame Cornuel, mwanamke wa Paris wa karne ya 17 aliyekuwa na ulimi mkali. Maana yake ni kwamba anayekuona ukiwa na jino linauma na soksi moja hawezi kukuogopa kama anayekuona kwenye sanamu. Kwetu tungesema mazoea yana taabu. Mwanafalsafa Hegel aliujibu mwaka 1807: tatizo halipo kwa mkubwa, lipo kwa valeti, kwa kuwa yeye huona tu kula, kunywa na kuvaa.

Mimi sikubaliani naye. Cléry aliona nywele na mkasi, na hakuona kidogo.

Laquais, domestique, maître d'hôtel, majordome: wote ni walewale?

Hapana. Domestique ni jina la jumla la mtumishi wa nyumbani. Laquais ni wa sare na mlangoni, na leo limebaki kuwa dharau. Maître d'hôtel husimamia meza na chakula. Majordome ndiye mkuu wa watumishi wa nyumba nzima. Valet de chambre hana habari na vijiko wala divai. Yeye ni wa mwili wa bwana na nguo zake. Mwenzake wa kike ni femme de chambre.

Ukiona filamu ya Kiingereza ambamo mtu anapokea wageni mlangoni na kumimina divai, huyo si valet, hata kama manukuu yamemwita hivyo.

Kwenye karata za Kifaransa, V ni nini?

Ndiyo valet: yule sisi tunayemwita ghulamu, au J kwa wanaocheza za Kiingereza. R ni roi, mfalme, na D ni dame, bibi.

Hapa Kiswahili na Kifaransa vimekutana bila kuonana. Majina ya kopa, uru, shupaza na pau tuliachiwa na Wareno, lakini kwa kijana wa kwenye karata tulichukua neno la Kiarabu lenye safari ileile, kutoka kijana hadi mtumishi. Na karata zimetunza maana ya zamani vizuri kuliko kamusi, kwa kuwa kwa Wafaransa kila ghulamu ana jina, na hakuna hata mmoja mwenye jina la mpishi: wa kopa ni Lahire, wa uru ni Hector, wa shupaza ni Ogier, wa pau ni Lancelot. Wote ni watu wa vita.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wafalme walipofukuzwa hata kwenye karata, mavaleti walibadilishwa wakawa Égalités, yaani Usawa. Haikudumu. Wachezaji waliwarudisha wazee wao.

Je, ni tusi kumwita mtu valet?

Kumwita mtu mzima hivyo mbele yake, ndiyo, ni kumshusha. Katika siasa ni tusi kamili: valet de l'impérialisme ni kile tunachokiita kibaraka wa ubeberu, na hapo usihangaike kutafuta tafsiri nyingine.

Aibu hiyo iliwahi kuwa sheria. Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1791 iliwanyima watumishi wa nyumbani haki ya kupiga kura, kwa hoja kwamba anayekula kwa bwana atachagua anachotaka bwana. Katiba ya 1793 ikasema sheria haitambui utumishi wa aina hiyo kabisa, lakini katiba yenyewe haikuwahi kuanza kutumika. Watumishi wanaume walipata kura pamoja na wanaume wengine wote mwaka 1848.

Leo anayefanya kazi nyumbani kwa mtu huitwa employé de maison. Valet de chambre limebaki kwa uhalali wake kwenye hoteli: ni mwanamume anayetandika vitanda na kusafisha vyumba. Kwa hiyo wewe uliyeniandikia kuhusu tangazo la kazi, usiogope. Hutavalisha mtu soksi. Ni mhudumu wa vyumba.

Wafaransa na Wabelgiji walipokuja Afrika, watumishi wao waliwaita valet?

La, na hili ndilo jambo ninalolirudia darasani kuliko yote. Walikuwa na maneno yao tele, yenye historia ya miaka mia kadhaa, wakayaacha nyumbani. Huku walichukua la Waingereza: boy. Valet lilikuwa na heshima fulani ndani yake, lilikuwa fani. Boy lilimnyima mtu hata umri. Ferdinand Oyono wa Kamerun alilifanya neno hilo kuwa jina la riwaya yake ya mwaka 1956, Une vie de boy.

Huko Kongo likawa boyi, na vyumba vya watumishi vya uani vikaitwa boyerie. Rwanda bado wanasema umuboyi. Sisi tukalifanya boi, baadaye hausiboi, na Wakenya wanaojenga nyumba leo bado wanaulizana kama ina SQ, yaani servants' quarters, chumba cha mtumishi. Neno limebadilika, kile chumba cha nyuma kipo palepale.

Watumishi hao hawakukaa kimya. Mwaka 1965 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu cha historia ya mji wao, kilichoandikwa na André Yav, aliyekuwa boyi. Jina la kijitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Katanga. Historia ya Wabelgiji imesimuliwa humo na watu waliowapikia na kuwatandikia vitanda.

Kuna Mswahili aliyewahi kufanya kazi ya valet de chambre hasa?

Salim bin Abakari, Mngazija, ndiye ninayemtaja. Alikuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, na mwaka 1896 alifuatana naye kutoka Ujerumani hadi Urusi na Siberia. Simulizi yake ya safari hiyo, kwa Kiswahili, ilichapishwa mwaka 1901 na Carl Velten katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli. Isome. Ni mtumishi anayeangalia ulimwengu wa mabwana kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba atakwenda kusimulia.

Basi nitafsiri vipi kwa Kiswahili?

Hakuna neno moja, na ukilazimisha moja utaharibu. "Mtumishi" peke yake siku hizi linateleza: nusu ya wasomaji watamwona mchungaji wa kanisa, nusu nyingine mtu wa serikalini. "Boi" lina ukoloni ndani yake. Liache kwa habari za ukoloni. "Mfanyakazi wa ndani" au "wa majumbani" ni neno la heshima na la haki za kazi, ila ukimpa Cléry utakuwa umemtoa gerezani Temple ukampeleka Sinza.

Kwa riwaya ya kawaida natumia "mtumishi wa chumbani". Kwa hoteli, "mhudumu wa vyumba". Kwa karata, ghulamu. Kwa majumba ya wafalme nimeshindana na nafsi yangu miaka mingi juu ya "mpambe". Limejengwa kwenye kupamba, na valet de chambre ndiye anayempamba bwana kabla hajaonekana na watu. Tena limebeba ile maana ya mtu wa karibu na mkubwa. Shida ni kwamba Tanzania mpambe wa Rais ni ofisa wa jeshi anayesimama nyuma yake na kamba za dhahabu begani, na wapambe wa wanasiasa ni wale wanaopiga vigelegele wakisubiri posho. Bado nalitumia, ila mara ya kwanza naongeza maneno mawili: "mpambe wa chumbani". Mhariri mmoja huwa ananifutia, nami huwa nalirudisha.

Na ukiamua kuliacha lilivyo, andika valeti, wingi mavaleti, na usonge mbele.

Vijana wanaopokea funguo za magari kwenye hoteli kubwa je?

Hayo ni matumizi ya Kiingereza. Mfaransa huwaita voituriers. Na tazama swali lenyewe lilivyoandikwa: "vijana".

Nimeona "valet de nuit" kwenye orodha ya samani. Wanauza mtu?

Ni stendi ya mbao ya chumbani. Juu ina umbo la mabega kwa ajili ya koti, chini yake fimbo ya kuning'inizia suruali, na mara nyingine kisahani cha saa na vifungo. Maseremala nao wana valet wao, chuma kilichopinda kinachobana ubao kwenye meza ya kazi ili usicheze wakati wa kupiga randa. Kwenye orodha yako andika "stendi ya nguo", na bei iache kama ilivyo.